Kukimbia au kunyanyua vyuma? Mizani haisemi yote

Anayetaka kupungua huambiwa akimbie. Anayetaka nguvu huambiwa anyanyue vyuma. Ubishi huanza pale mtu anapotaka vyote viwili, naye ana saa tatu tu kwa wiki.

Wanaotetea kukimbia wana hesabu upande wao. Mtu wa kilo 70 akikimbia nusu saa kwa mwendo wa wastani huchoma takribani kalori 300. Kwenye vyuma hafiki huko, maana sehemu kubwa ya muda anapumzika kati ya seti, yaani kati ya mzunguko mmoja wa kunyanyua na mwingine. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio la miezi minane kwa watu wenye uzito uliozidi: kundi la mazoezi ya pumzi, yaani ya kupandisha mapigo ya moyo kama kukimbia, lilipunguza mafuta mengi kuliko kundi la vyuma. Waliofanya yote mawili walitumia karibu mara mbili ya muda bila kupungua uzito zaidi ya hapo.

Mjadala ungeishia hapo kama shida ingekuwa uzito peke yake. Ila jaribio hilohilo lilionyesha kundi la vyuma likijenga misuli, hata uzito wake ukapanda kidogo. Mizani haijui kutenganisha kilo ya mafuta na kilo ya misuli. Anayejinyima chakula huku akikimbia tu huweza kupoteza vyote viwili, na kwa aliyepita miaka 40, ambaye misuli imeshaanza kumwondoka yenyewe, hasara hiyo si ndogo.

Watu wa vyuma nao hutia chumvi. Husema misuli huchoma mafuta hata ukiwa usingizini. Ni kweli, lakini kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia kama kalori 13 kwa siku, ilhali kilo ya mafuta mwilini hubeba kama 7,700. Piga hesabu: kilo hiyo ya misuli itahitaji zaidi ya mwaka mmoja na nusu kuchoma kilo moja ya mafuta.

Je, kuchanganya kunaua nguvu? Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alionyesha kwamba waliochanganya waliongezeka nguvu vizuri, kisha wakakwama kuelekea mwisho wa wiki kumi. Lakini watu wake walijitesa karibu kila siku ya wiki. Mwenye saa tatu asiogope.

Kwa maoni yangu, vyuma vichukue siku mbili, mwili mzima kila siku, na muda uliobaki uende kwenye kukimbia au kutembea kwa kasi. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa 2020, linataka angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki pamoja na siku mbili za misuli. Mazoezi yote mawili yakiangukia siku moja, anza na vyuma kabla miguu haijachoka. Kitambi, kwa sehemu kubwa, kitaamuliwa mezani. Anayejiandaa kwa mbio ndefu ageuze mpangilio huu: kukimbia kwanza, vyuma baadaye.