Msalaba wa shaba hausimulii ulivyoyeyushwa

Riwaya za dunia baada ya maangamizi zina tukio zinalolipenda sana: kijana anafukua mashine ya kale kwenye magofu, na tangu siku hiyo mwenye kuishika ndiye mtawala. Mimi, mkaaji wa Lubumbashi, mji wa shaba wa Katanga nchini Kongo, naliamini nusu tu.

Nusu hiyo ni nzito. Kitu kilichobaki humwonyesha aliyezaliwa baadaye kwamba jambo hili liliwahi kuwezekana. Katika A Canticle for Leibowitz, riwaya ya Walter M. Miller ya 1959, mtawa anatumia miaka 15 kunakili mchoro wa umeme asiouelewa. Karne nyingi baadaye, taa ya umeme inawaka katika monasteri ileile. Wangeanzia wapi kama hakuna aliyetunza asichokielewa?

Lakini iangalie misalaba ya shaba ya Katanga, vipande vya shaba vya umbo la msalaba vilivyotumika zamani kama fedha. Imo kwenye makumbusho, tunaitambua sote. Ni jiwe gani la kijani lichaguliwe, tanuru ya udongo wa kichuguu ijengwe vipi, mivukuto ipulizwe mpaka lini: hayo msalaba hauyasemi. Yalikuwa mikononi mwa walaji shaba, wayeyushaji wa zamani, na kazi yao ilikufa wakoloni walipotwaa machimbo. Miaka ya 1920 mmisionari Mbenedikti, Jean-Félix de Hemptinne, aliandika jinsi walivyofanya. Aliwahi, wazee waliokumbuka walikuwa bado hai.

Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, nayo ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika 50,000. Hakuna aliyezika mitambo. Vipuri, mishahara na mafundi ndivyo vilivyokatika, pamoja na mgodi wa Kamoto ulioporomoka 1990.

Na kile kilima cheusi kando ya mumbunda, dohani yetu ndefu? Kwa miongo kilikuwa takataka za tanuru. Karibu na mwaka 2000 kiwanda kikaanza kutoa kobalti humo. Kilima kilikuwa kilekile.

Nakubali, kumsisimua msomaji kwa vipuri na mishahara ni kazi ngumu, na mashine inayong'aa gizani humshika mara moja. Hata hivyo, naisubiri riwaya ambayo msafara unavuka nchi iliyoungua ukimtafuta bibi mmoja, anayejua kwa rangi ya moto tu kwamba shaba imeiva.