Ulanzi wa Baba Mdogo Haukufika Mzima

Ulanzi, ile pombe ya utomvu wa mianzi, haufungwi ukakubali. Ukitaka kumfurahisha Mhehe aliyehamia Mbeya kwa zawadi ya hela ndogo, mpelekee ulanzi, lakini usafiri nao ukiwa unapumua. Mtoto yeyote aliyekulia Iringa analijua hilo. Mwinjilisti aliyekaa siti ya pembeni yangu hakulijua, na sidhani kama amelikubali hadi leo.

Tulikuwa tunaelekea Pasaka, mimi nikienda Uyole, Mbeya, kwa Baba Mdogo. Msimu ulikuwa wenyewe: mianzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi yanapotoka, na mvua zikiisha na ulanzi unaishia hapo. Bajeti yangu ilikuwa nyembamba. Hela ya mkononi haikutosha hata kitenge cha maana, na kitenge cha ovyo ni bora ukakiacha dukani, maana mpokeaji atakuvalia siku moja kwa adabu kisha utakikuta kinafuta meza.

Kanuni ya zawadi ya bei ndogo ni moja tu: usimpelekee mtu kitu kilichomzunguka. Viazi Uyole? Utachekwa. Parachichi wanazo za Rungwe, ndizi vilevile, mchele wa Kyela na wa Usangu uko mlangoni kwao, hata majani ya chai wanayo ya Tukuyu. Ukiondoa hivyo vyote, mtu wa Iringa anabaki na kikapu, asali, uyoga mkavu na ulanzi. Jumla yake haikufika shilingi 25,000, na kikapu ndicho kilichokula nusu.

Kikapu nilikinunua kwa msusi mwenyewe, si stendi. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu, majani marefu ya mabondeni, yakikaushwa na kusokotwa. Unapochagua, usihangaike na marembo kwanza. Bonyeza kitako kwa kiganja; kikizama na kubaki kimezama, ufumaji ni wa haraka haraka. Kisha shika mikono yake uivute kwa nguvu: mkono mzuri umeshonwa ukashuka mwilini mwa kikapu, mbaya umeishia kwenye ukingo na utang'oka siku ya kwanza ya kubeba sukari.

Ndani nilikitia bitana ya kitenge. Mafundi cherehani wana mabaki ya vitambaa ambayo mara nyingi hukupa bure ukiwa mteja wao. Pima duara la kitako, ongeza vidole viwili vya mshono, kisha kata kipande kirefu cha kuzunguka ubavu. Kitambaa kipya lazima kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke meupe, la sivyo kitaachia rangi. Fundi wangu alinipa cha bluu iliyokolea, nikamuuliza, akaapa kwamba kimeshafuliwa. Mliwekee akiba hilo la fundi, tutalirudia.

Asali ilikuwa nusu lita kwenye kopo la glasi. Kwa baridi ya Mafinga na Uyole asali huganda, na mpokeaji anaweza kudhani umemchanganyia sukari. Basi mwandikie kikaratasi: aliweke kopo kwenye maji ya moto ambayo mkono unavumilia, si yanayochemka, na asali itarudi kuwa laini. Uyoga nao nunua kwa mama anayeujua porini, usijiokotee. Ukivunjika kwa mlio umekauka. Ukipinda bado una maji na utaota ukungu. Uweke kwenye mfuko wa karatasi, kamwe usiwe wa nailoni. Ubaya wa uyoga mkavu ni kwamba unanyonya chochote kilicho karibu nao. Na hilo pia mliwekee akiba.

Sasa, Mama Mdogo ni mlokole, kiongozi wa kwaya, mwenyeji wa Rungwe ambaye ulanzi anausikia kwa jina tu. Baba Mdogo ameokoka pia, ila kwa mafungu. Kwa hiyo kikapu kilikuwa cha Mama Mdogo rasmi, na pembeni mwake, ndani ya bitana, ilisimama chupa ya Baba Mdogo. Mpango ulikuwa anipokee kituoni, chupa ishuke kabla ya kikapu kufika nyumbani.

Chupa niliiandaa kwa heshima zote. Mgema hukata ncha ya chipukizi, akafunga mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia, chini yake, kisha asubuhi na jioni anakwangua ncha upya ili utomvu uendelee kudondoka. Mbeta ikiwa haijaoshwa, mabaki ya jana yanaanza kuuchachusha wa leo kabla haujafika chini. Nikaomba wa alfajiri, kutoka kwenye mbeta iliyooshwa. Nikatafuta chupa ya soda ya lita mbili. Ya maji ya kunywa ni nyembamba na haina kitako cha kustahimili. Nikajaza robo tatu tu. Utamu wa ulanzi ndio chakula cha hamira ya porini iliyomo humo, nayo ikila inatoa kilevi na gesi ile ile inayopanda puani ukinywa soda. Gesi lazima ipate pa kutokea. Kifuniko unakikaza kikafika mwisho, kisha unakirudisha nyuma nusu mzunguko. Juu yake kitambaa safi na mpira. Chupa inakaa wima, inakaa miguuni pako, haiendi kwenye buti. Ukisikia "ssss" ya mbali, huo ni wimbo wa amani.

Ni wimbo huo ulioniponza.

Mwinjilisti alipandia Ipogolo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, Biblia ndani ya mkoba wenye zipu. Tukaamkiana vizuri, Bwana asifiwe, amina. Akaniuliza kikapu kina nini. Nikamwambia asali na uyoga, ambalo si uongo.

Mafinga tukapita na ukungu wake, "ssss" inaendelea, usingizi umenichukua. Makambako nikashuka kununua mahindi ya kuchoma. Niliporudi nilimkuta mtumishi ametulia sana, ana uso wa mtu aliyetenda wema asiotaka kutangaza. Nikampa nusu hindi. Kelele za basi zikawa nyingi, sikugundua kwamba chini yetu wimbo umekatika.

Baada ya Makambako barabara inaanza kuteremka kuelekea bonde la Usangu. Asubuhi ulikuwa umevaa sweta, ukifika Igawa unalivua, ukifika Chimala unafungua dirisha na kutafuta maji baridi. Hamira nayo inahisi hivyo hivyo, ila yenyewe joto linaiongezea hamu ya kula. Mpaka Igurusi, chupa iliyofungwa kabisa tangu Makambako ilikuwa imefanya kazi ya siku nzima kwa muda mfupi. Kisha kuanzia hapo unapanda kuelekea Inyala, na ukipanda hewa ya nje inapungua uzito, hivyo kilicho ndani ya chupa kinasukuma zaidi. Wapo watakaosema mlima ndio uliofanya yote. Mimi naipa bonde lawama kubwa, na mtumishi lawama iliyobaki.

Nilihisi kitu kinanigusa kifundo cha mguu. Nikachungulia. Chupa ilikuwa imegeuka gogo, haibonyei hata kidogo. Vile vikanyagio vitano vya kitako vimetokeza nje, haisimami tena, imeegemea mfuko wa uyoga.

"Mtumishi," nikasema taratibu, "hiki kifuniko kimeguswa?"

"Kilikuwa kimelegea, binti," akajibu kwa upole. "Nilikukazia. Kilikuwa kinavuja hewa."

Chupa ya namna hiyo inafunguliwa hivi: iache itulie bila kutikiswa, ikiwezekana kwenye maji ya baridi; iwe wima; uso wako usiwe juu yake; kiganja kikandamize kifuniko huku vidole vikigeuza kidogo sana, mpaka usikie "fss", kisha funga. Subiri povu lishuke. Rudia, na rudia tena. Ni kazi ya subira, inaweza kuchukua robo saa. Haya yote nilikuwa nayaandaa kichwani niyaseme. Nilifika kwenye "mtumishi, usi–", na mkono wake mwema ukawa umeshazungusha kifuniko mara mbili kamili.

Kifuniko hatukukiona tena. Kilipiga dari kikarudi kwa abiria wa nyuma, aliyepiga kelele kwamba tumerushiwa jiwe. Ulanzi ukafuata. Ulipanda mpaka kwenye zile taa za dari, ukatawanyika, ukashuka kwa haki na usawa: kwa mtumishi, kwangu, kwa mama mwenye mtoto siti ya mbele, kwa kuku aliyekuwa kwenye kiboksi. Mtumishi akaiinua chupa juu kuiepusha na shati, jambo ambalo liliwapa wa siti za nyuma sehemu yao. Alipoishusha akailaza kikapuni, bado inatema povu. Biblia ilinusurika kwa ajili ya ile zipu.

"Lakini nilikifunga!" alikuwa akirudia. "Nilikifunga vizuri kabisa!"

Konda akaja, akanusa. "Nani amefungua bia humu?"

"Si bia," akasema mzee mmoja wa nyuma, akilamba kiganja chake bila haraka. "Huu ni ulanzi wa leo asubuhi. Na umetunzwa vizuri."

Inyala tukasimamishwa na askari wa usalama barabarani. Alipanda ngazi mbili, akavuta pumzi, akashuka na dereva. Dereva akapuliza kipimo, kikasoma sifuri. Akapulizishwa tena, sifuri. Askari akarudi ndani akitembea taratibu, pua mbele, siti hadi siti, mpaka akasimama mbele ya shati lililokuwa jeupe.

"Mzee, Pasaka bado."

"Kijana, mimi ni mtumishi wa Mungu. Nakwenda kuhubiri."

"Sawa, mtumishi." Akanitazama mimi, akatazama chupa, akatazama dari inayodondoka. Ndevu zikamcheza. "Dereva, nenda. Fungueni madirisha."

Uyole tulifika giza likiingia. Baba Mdogo alikuwepo, koti mpaka shingoni. "Kamwene," akanisalimu Kihehe, nikajibu kamwene, na kabla hajaniuliza habari za nyumbani jicho lake lilishafika kwenye kikapu. Nikamsimulia. Alisikiliza kama mtu anayepewa habari za msiba, akatoa chupa, akaipima dhidi ya taa ya duka. Kilichobaki kilifunika vidole viwili. Akakinywa pale pale nyuma ya kibanda.

Kisha akaingiza mkono kikapuni. Bitana ilikuwa imelowa chapa chapa.

"Huu mwingine si uko hapa?"

Akaichomoa bitana, akaomba kikombe cha plastiki kwa mama wa chai, akakamua. Akakunja, akakamua tena, kwa mikono ya mtu aliyekamua nguo tangu jeshini. Ukajaa nusu kikombe. Kwenye lile giza kila kitu kilikuwa cheusi, hatukuona kitu. "Umekaza," alisema akifuta mdomo. "Umeshakuwa mkangafu huu, ule mkali."

Nyumbani Mama Mdogo alikipokea kikapu kwa vigelegele. Akageuza, akabonyeza kitako, akavuta mikono, anajua kununua. Kisha akanusa.

"Kina harufu gani hii?"

"Milulu mibichi," Baba Mdogo akadakia. "Ndivyo inavyonuka ikiwa mipya. Kioshe kwa maji ya baridi na sabuni kidogo, ukianike kivulini, kisilowekwe. Jua kali linaivunjavunja." Na kwa kweli ndivyo kikapu cha milulu kinavyooshwa, alichotoa ni ushauri sahihi kwa sababu isiyo sahihi.

"Na uyoga mbona umelowa, umefura hivi?"

"Maji yalimwagika kwenye basi," akasema tena, haraka kuliko mimi.

"Basi afadhali, sina haja ya kuuloweka. Ukilala utaharibika, napika sasa hivi."

Akauchemsha kidogo, akakaanga kitunguu na nyanya, akaweka karanga za kusaga, akauacha utokote moto mdogo mpaka mafuta ya karanga yalipopanda juu. Tukaletewa na ugali. Mama Mdogo alionja, akafumba macho.

"Huu uyoga wa mwaka huu una utamu wa ajabu. Una ka-uchachu fulani. Nitakuagiza mwingine."

Sikuthubutu kumwangalia Baba Mdogo. Lakini Mama Mdogo alimwangalia, maana mumewe ndiye aliyetakiwa kuombea chakula na alikuwa amekaa chini ya taa. Akamsogelea. Midomo yote miwili, na pembe za ulimi alipoufungua mdomo kutaka kusema, ilikuwa bluu iliyokolea. Bluu ya fundi.

"Mzee! Midomo imekuwaje?"

Baba Mdogo akaijaribu kwa kidole, akakitazama kidole.

"Baridi ya Uyole hii, mke wangu."

Mama Mdogo akaenda kumletea sweta, akarudi akamwongezea uyoga.