Hatuna Kilio Idjwi, Tunaenda Kuangalia tu

Naandika hasira ikiwa bado moto, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka huku na huku.

Bandarini Bukavu, mashariki mwa Kongo, asubuhi, manyunyu. Tunaenda Idjwi, kisiwa kikubwa cha ziwa Kivu. Mimi na mke wangu, kila mmoja na begi lake mgongoni, nauli tumelipa, karti za uchaguzi, ndizo vitambulisho vyetu, tumezitoa. Ofisa akatutazama kuanzia mabuti hadi kofia. "Papa, munaenda fanya nini Idjwi?" Nikamwambia tunaenda kutembea. "Kutembea namna gani? Muko na familia kule?" Hatuna. "Muko na kilio?" Hatuna. "Munafanya biashara?" Hatufanyi. Akaweka kalamu chini, akauliza kwa upole wa mtu aliyekamata mwizi: "Sasa karatasi ya misheni iko wapi?"

Misheni! Yaani barua ya kutumwa kikazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu niliye kwenye likizo ya Pasaka, mke wangu ni mshonaji. Nani angetutuma, Pitagora? Mwishowe aliandika "familia" mbele ya majina yetu, maana daftari lake halikuwa na pengine pa kutuweka, na hiyo familia tusiyokuwa nayo tukailipia bei ya soda mbili. Jina la ofisi yake silitaji. Msafiri wa ziwa hili anajua kwamba meza ni nyingi pale, na kila meza ina kiu yake.

Pesa ya soda hainiumi. Kinachoniuma ni kwamba ndani ya madaftari ya serikali, na ndani ya vichwa vyetu wenyewe, Mkongomani anahama, anakimbia, anafuata mali au anazika. Kwenda kuona kilima cha nchi yake na kurudi jioni na matope kwenye suruali, hilo halimo. Wangekuja kijana wa Ubelgiji na mchumba wake, mabegi yaleyale, matope yaleyale, wangepewa kiti. (Wangelipishwa zaidi, najua. Lakini wangelipishwa kama wageni, sisi tulilipa kama washukiwa.) Mwaka 1914 Wajerumani walikivamia kisiwa kile wakakichukua, 1916 Wabelgiji wakakirudisha, na sijasoma popote kwamba hata mmoja wao aliombwa karatasi ya misheni.

Nisimtwishe ofisa peke yake. Nyumbani ilikuwa hivyohivyo. Mama mkwe wangu alitukuta usiku tunafunga mabegi, akakaa chini bila neno. Kisha: "Banangu, kumetokea nini? Mumesikia nini?" Tukamwambia hakuna kitu, ni matembezi. Hakuamini. Alifungua mlango akaenda kuchungulia barabara.

Nilitaka kucheka, kicheko hakikutoka. Mama huyu alikimbia Bukavu mwaka 1996 na mke wangu mgongoni. Mwaka 2004 askari walipoupora mji, alikaa chini ya kitanda na watoto wake. Watu wa Goma wana hesabu yao: moto wa volkano ya Nyiragongo 2002, tena 2021, vita 2012, tena vita Januari 2025. Sisi wa Bukavu tulifuata Februari ya mwaka huohuo. Huku kwetu begi mgongoni halijawahi kuwa la raha. Jirani akiliona, anaingia ndani kufunga la kwake. Sasa wewe unalivaa ili ukaangalie mananasi yakinyeshewa?

Ndiyo. Nalivaa hasa kwa sababu hiyo. Sisi tumejifunza jiografia ya Kivu kwa kukimbia. Njia ya Nyangezi tunaijua kwa sababu tuliipita usiku. Minova tunaijua kwa kambi za wakimbizi, Kavumu kwa uwanja wa ndege na milio ya bunduki. Muulize kijana wa Goma kuna nini Sake, atakuhesabia mabomu. Hatakwambia kwamba pale ziwa linajikunja na kuingia nchi kavu, likafanya ghuba ya Kabuno, mahali pazuri mno ambapo mtu angeweza kukaa na mkate wake akatazama tu. Kwa nini afikirie? Hakuna aliyewahi kumpeleka huko bila godoro kichwani. Watoto wangu wa darasani wanajua majina ya vikundi vyenye silaha kuliko majina ya visiwa vya ziwa wanaloogelea kila Jumapili. Mimi nimechoka. Nataka miguu yangu ipate sababu nyingine ya kutoka nyumbani, na nataka mke wangu awe na begi ambalo ndani yake mna kanga za kuvaa na karata za kucheza, siyo vyeti vya shule vya familia nzima ndani ya plastiki.

Haya, Idjwi yenyewe. Ilinyesha.

Ilinyesha tuliposhuka, ikanyesha tulipolala, ikanyesha tulipoamka. Anayesikia kisiwa cha tropiki akafikiria jua na minazi, aje huku kwetu kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari mwezi wa Aprili. Mvua ya Idjwi ni baridi, inaingia shingoni. Udongo ni mwekundu na unanata, siyo mawe meusi ya Goma yanayokunywa maji. Kila hatua unapandisha kilo moja ya kisiwa kwenye buti. Motari wetu alifika chini ya kilima cha kwanza akazima injini. "Papa, mushuke. Hapa hata mimi naisukuma." Tukaisukuma pamoja naye, tukamlipa nauli kamili ya kumsaidia kusukuma pikipiki yake.

Tulipanga kupanda juu tuone pande zote mbili kwa mara moja, milima ya Kalehe magharibi, Rwanda mashariki. Tuliona wingu. Tulipanga usiku kuangalia mwanga wa Nyiragongo kaskazini. Tuliona wingu lilelile, sasa jeusi. Mke wangu, ambaye ndiye aliyelianzisha wazo hili zima, alikunja shitingi yetu, lile turubai la plastiki, akasema basi tutatembelea mabaraza ya watu. Na ndivyo tulivyofanya: mvua ikizidi, tunapiga hodi, tunasimama chini ya bati la mtu, tunaletewa kigoda. Hakuna nyumba iliyotukatalia. Tumekula bugali na sambaza za kukaanga, visamaki vya ziwa hili, kwa watu ambao hatukujua majina yao, tumekunywa kasiksi, pombe ya ndizi, asubuhi (msimwambie mkuu wa shule), tumesikiliza ugomvi wa shamba kati ya ndugu wawili hadi tukawa tunajua mpaka ulipo. Mzee mmoja wa upande wa Rubenga, kaskazini mwa kisiwa, alitueleza kwa dharau kubwa kwamba mananasi ya Ntambuka, kusini, hayana sukari. Siku iliyofuata, upande wa Ntambuka, tukaambiwa vivyo hivyo kinyume. Nimekula ya pande zote. Sina msimamo, naogopa kurudi.

Kisha jambo lililonivuruga. Katika kijiji kimoja mama mwenye nyumba alituangalia mabegi, akaangalia makoti yetu ya mvua, akamtuma mtoto mbio. Muda mfupi baraza likajaa. Akina mama walikuja na watoto migongoni ndani ya vikwembe vilivyolowa, mzee akaja na fimbo, wakapanga mstari. "Muko ba shirika gani?" Hatuna shirika. "Tuanze na bajane?" Wajane waanze nini, mama? "Kuandikisha." Walidhani tumekuja na orodha. Mtu mwenye begi na koti zuri anayefika kwa miguu wakati wa mvua ni lazima awe wa shirika, mwingine wa namna hiyo hawajawahi kumwona. Mke wangu akawaeleza taratibu kwamba sisi ni watu wa Bukavu tu, tumekuja kuona kisiwa. Kimya. Kisha koko mmoja, bibi mzee, akauliza: "Kuona nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Nikasema kuona ninyi, ziwa, kahawa. Akanitazama, akacheka, akasema kahawa iko nyuma ya nyumba, nikaangalie. Nikaangalia. Wengine waliondoka wakinung'unika na sikuwalaumu, walikuwa wamelowa bure kwa ajili yetu. Hapa nakubali, na nakubali shingo upande: kuna kitu kisichokaa sawa mtu anapotembea kwa starehe mahali ambapo mwenzake anasubiri orodha ya unga. Lakini wale wanaoniambia "pesa hiyo ungewapa maskini" nawauliza tu, ile ya harusi ya watu mia nne mliwapa?

Na tena, pesa tuliiacha kule. Kwa motari, kwa mama wa sambaza, kwa nyumba tulizolala, kwa kijana aliyetuonyesha njia akatupoteza. Ofisi moja tu ndiyo iliyochukua bila kutoa kitu.

Sasa tazameni ng'ambo. Upande wa Rwanda kuna njia ya kutembea kwa miguu na kwa baiskeli kando ya ziwa hilihili, kutoka Rubavu hadi Rusizi, kilomita 227, ina jina, ina vibao, ina nyumba za kulala. Watu wanatoka mabara mengine wakiwa na mabegi kama yetu, wanaipita siku baada ya siku, na wakifika penye kilima kizuri wanasimama kupiga picha. Picha ya nini? Ya kile kisiwa kikubwa cha kijani kilicho mbele yao. Ya Idjwi! Kisiwa chetu, kikubwa kuliko vyote vya maziwa ya Afrika ukitoa Ukerewe, ni mandhari ya biashara ya watu wengine. Usiku tuliokaa pwani ya mashariki tuliziona taa za upande ule zimejipanga. Gesi ya methani iliyolala chini ya ziwa, wao wanaichoma kupata umeme kwa wingi tangu 2016. Sisi tulikuwa tunatafuta mshumaa. Msiniambie naingiza siasa. Naongea juu ya kibao. Kibao cha mbao chenye mshale na neno "Bugarula", mji wa kisiwani, kinagharimu nini?

Mtaniambia: na boti? Hapo mna haki, na sitabishana. Aprili 2019 boti lilizama upande wa Kalehe, watu wengi wakapotea, rais Tshisekedi akaamuru kila abiria avae gile, koti la kuelea majini. Oktoba 2024 lingine lililotoka Minova likapinduka mbele ya Kituku, Goma, gati likionekana kwa macho, kwa sababu barabara ilifungwa na vita na watu walijazana ziwani. Boti letu la kwenda lilikuwa na gile kwa baadhi ya watu. Hao baadhi walizikalia, kwa sababu benchi lilikuwa limelowa. Mke wangu alivaa yake, akachekwa safari nzima, akaendelea kuivaa. Kurudi tuliliacha la kwanza lililojaa, tukangoja, tukakosa nusu siku. Kama hamwezi kungoja, msiende. Na msivuke mchana upepo ukishaanza, hata nahodha akiwaita bamama na bapapa kwa sauti tamu kiasi gani.

Kitu kimoja tu nitakisifu bila masharti, wavuvi wa sambaza. Jioni moja mvua ilikatika, tukakaa juu ya mawe. Mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, ile miti mirefu imetoka mbele na nyuma, wanaume wanapiga kasia na kuimba, mmoja anatoa, wengine wanajibu, hadi sauti inabaki bila watu. Samaki wenyewe si wa hapa, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo huwezi kumwambia mtu wa Kivu kwamba sambaza ni mgeni. Mvuvi aliyebaki nchi kavu anashona wavu alitueleza kwamba mwezi ukiwa mpevu hawatoki, maana taa yao ya kuvutia samaki haina kazi, wanatawanyika. Basi wiki ya mwezi ndiyo wanayotengenezea mitumbwi, wanaoa, wanagombana. Nimeishi kando ya ziwa hili maisha yangu yote, nimekula mifuko na mifuko ya sambaza, na jambo hilo sikulijua. Nani angeniambia, daftari la bandarini?

Mke wangu sasa anataka Kahuzi-Biega. Makao ya mbuga yako Tshivanga, karibu kiasi kwamba ukitoka Kadutu, mtaa wa Bukavu, asubuhi unafika kabla jua halijakali. Wazungu wanamjua hata Chimanuka, yule gorila mkubwa, kwa jina lake, na mimi sijui jirani hata mmoja aliyewahi kuingia mle. Hali ya njia tunaiulizia kwanza kwa watu wanaoipita, wajinga sisi siyo. Bei ya raia pia tunaiulizia, na tukiipata nitaiandika hapa, pamoja na meza zote tutakazokutana nazo njiani na kiasi kilichoombwa kwenye kila moja. Anayetaka kuungana nasi aje na mabuti yake mwenyewe. Ya kuazima sina.