Melvin Tolson alimwandikia nani?

Lawama dhidi ya Melvin Tolson haijabadilika tangu miaka ya 1960: kwamba mshairi huyu Mmarekani mweusi aliwapa watu wake kisogo, akatunga mashairi mazito ili maprofesa wa Kizungu wampigie makofi.

Lawama hiyo ina mashiko. Mwaka 1947 Liberia ilimteua kuwa malenga wake rasmi, naye akaitungia shairi refu la kuadhimisha miaka 100 ya taifa. Libretto for the Republic of Liberia ilipotoka mwaka 1953 ilikuwa na sehemu nane zenye majina ya noti za muziki, kuanzia do hadi do, na tanbihi kurasa kwa kurasa. Dibaji aliiandika Allen Tate, mshairi Mzungu wa Kusini mwa Marekani, akamsifu kwa kuimudu barabara lugha ya kishairi ya zama zake. Sifa hiyo ilimponza. Mshairi Mzungu Karl Shapiro alipojaribu kumtetea mwaka 1965 kwa kudai kwamba Tolson anaandika “Kinegro”, mshairi mweusi Sarah Webster Fabio alimpinga vikali: hiyo si lugha ya watu weusi, ni ya vitabuni. Na kweli, mkulima wa Texas au mchuuzi wa Monrovia angeliweka shairi lile chini mapema sana.

Lakini ni gumu kwa nani? Katika sehemu ya Re, Tolson anaisifu Songhai, dola ya kale ya Afrika Magharibi, anawataja wanazuoni weupe na weusi waliofundisha vijana Sankore, chuo cha Timbuktu, kisha anafunga ubeti kwa “Karibu wee!” Kwingine katika sehemu hiyohiyo manju wa Timbuktu anatamka “Kazi yenu Wazungu!” Kiswahili, Timbuktu! Mwanahistoria atakataa, na ana haki. Hata hivyo, mhakiki wa New York ilimbidi afungue tanbihi, ilhali msomaji wa Tanga anapita moja kwa moja. Sehemu ya Sol nayo imesheheni methali za Kiafrika, moja juu ya nyingine, bila kumbembeleza msomaji. Aliyezoea kuelezwa kila kitu kwa lugha yake ndiye safari hii anayetakiwa kutafuta. Sioni usaliti hapo. Naona mtu anayedai kwamba Afrika nayo ina haki ya kuwa elimu ya lazima.

Na maisha yake je? Alifundisha Wiley, chuo cha watu weusi mjini Marshall, Texas, kwa zaidi ya miaka 20. Timu yake ya mdahalo iliwashinda mabingwa wa University of Southern California mwaka 1935. Aliwaunganisha wakulima wapangaji, weusi kwa weupe, katika Texas ya ubaguzi, jambo lililoweza kumgharimu maisha. Baadaye akawa meya wa Langston, Oklahoma, mji wa watu weusi, kwa vipindi vinne. Huyo ndiye anayeambiwa aliwakimbia watu wake.

Katika Harlem Gallery, shairi lake refu la mwaka 1965, yumo Hideho Heights, mshairi kipenzi cha watu wa baa, anayeghani mashairi ya kuchangamsha. Siku moja rafiki yake anakuta chumbani kwake shairi alilolificha, gumu, la mtindo wa kisasa kabisa, liitwalo “E. & O. E.” Shairi hilo Tolson alikuwa ameshalichapisha mwaka 1951, kwa jina lake mwenyewe.