Ugonjwa wa Shilingi Mia

Jamani, katika mji huu wa Nairobi ukitaka heshima, gari lako lazima lipatwe na ugonjwa mkubwa. Injini ikinoki, watu wanakuja kukupa pole. Giaboksi ikifa, hata mwenye nyumba anakuhurumia, anakwambia kodi utaleta tu, Mungu ni mwema. Lakini thubutu kusema gari lako lina mpira uliopasuka! Utachekwa mpaka na watoto wa chekechea.

Mimi gari niliachiwa na marehemu mjomba. Datsun 260Z ya otomatiki, ile ndefu yenye viti vinne. Nasema vinne kwa kukiheshimu kitabu chake, maana vile vya nyuma vilitengenezewa abiria asiye na miguu wala shingo. Na siwezi kutoka nalo bila kusimamishwa. Askari wa geti, muuza mahindi, kondakta wa matatu, wote wimbo ni mmoja: "Hii ndiyo ile ya Shekhar Mehta!" Siyo, mzee wangu. Zilizoshinda Safari Rally, 1971 na Edgar Herrmann, 1973 na huyo Mehta, zilikuwa 240Z, viti viwili, gia za mkono. Tena 1973 Mehta alifungana pointi na Harry Källström, naye yuko ndani ya Datsun nyingine, ikabidi kanuni ndizo ziwatenganishe. Hili langu halijawahi kushinda hata foleni ya Waiyaki Way. Lakini nani anasikiliza? Mzee ameshaegemea boneti, anasimulia matope ya mwaka ule, na mimi nyuma napigiwa honi.

Sasa ugonjwa. Naondoka kwenye taa, gia ya kwanza inanishikilia kama haijui kuna ya pili. Injini inalia, mshale wa resi unapanda, watu wanageuka wakidhani naonyesha ubabe, na mimi mafuta nimeyakanyaga kidogo tu, kwa adabu zangu zote. Nikishakata tamaa ndipo inaruka: paa! Kofia inanishuka machoni. Mama watoto ameacha kupanda. Anasema shingo ni yake ya kuzaliwa nayo, hana nyingine.

Basi mshauri hakukosekana. Fundi wa kwanza hata hakuinama. Alisikia "otomatiki", akatikisa kichwa mithili ya daktari anayetafuta ndugu wa mgonjwa, akasema giaboksi imekwisha, ishushwe. Wa pili akaona ni waya wa ile swichi ya chini ya pedali, inayoirudisha gia nyuma ukikandamiza mpaka mwisho. Kaka yangu, shida yangu ni gia haipandi, wewe unanitengenezea ya kushuka? Shemeji naye, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, akashauri nitie giaboksi ya Probox. Nchi hii kila tatizo suluhisho lake ni Probox. Nimezunguka Kirinyaga Road nikiuliza spea ya 260Z, kila duka: "Hiyo hatuna, lakini ya Probox iko."

Kumbe giaboksi zenyewe hizi hazina ajabu. Ni JATCO ya gia tatu, inaitwa 3N71B. JATCO ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1970 na Nissan, Ford na Toyo Kogyo, hao wa mwisho ndio Mazda wa leo, na ndiyo maana giaboksi hiyohiyo utaikuta chini ya Mazda za zamani. Haina kompyuta. Inataka kujua mambo mawili tu: gari linakwenda kasi gani, na wewe umekanyaga mafuta kiasi gani. La kwanza inajipimia yenyewe kwa kidude kinachozunguka kule nyuma. La pili inalipata kwa umbea.

Injini ya petroli ikiwa mafuta hujakanyaga, inavuta hewa kwa nguvu kwenye menifoldi, yaani bomba linaloingiza hewa ndani ya injini. Ukikanyaga, mvuto unapungua. Ukikandamiza mpaka chini, mvuto unakaribia kwisha. Sasa kuna paipu nyembamba inatoka menifoldi inashuka mpaka kwenye kikopo cha bati kilichofungwa ubavuni mwa giaboksi. Ndani ya kikopo mna diaframu, ngozi nyembamba ya mpira, na springi. Giaboksi ni mama mkwe aliyelala chumba cha pili: haoni kitu, amebandika sikio ukutani. Mradi anasikia mazungumzo ya kawaida, yaani mvuto upo, ametulia, anabadilisha gia mapema na polepole. Sauti zikikatika ghafla, anaamua humo ndani kuna vita. Anakaza presha ya mafuta ya giaboksi, anang'ang'ania gia ya kwanza, na akibadilisha anabadilisha kwa kofi. Paipu ikipasuka, mvuto haumfikii, kwa hiyo wewe unaendesha taratibu ukipeleka mayai sokoni, yeye ana hakika unakimbiza mwizi.

Haya nilimweleza fundi wa tatu. Akaniangalia, akauliza nimesoma mpaka darasa la ngapi.

Jirani yangu wa juu, mtaalamu wa mambo yote, akasema basi itakuwa diaframu imechanika. Hapo nakiri alikaribia, ila alikuwa anarusha mawe gizani. Diaframu ikichanika, injini inayanyonya mafuta mekundu ya giaboksi kupitia paipu hiyo na kuyachoma. Ekzosi inatoa wingu jeupe, unaongeza mafuta kila wiki na chini hakuna tone. Watu wameshashusha vichwa vya injini kwa moshi huo, wakidhani ni gasketi, na kumbe injini ilikuwa inakunywa tu kinywaji cha jirani. Mimi moshi sina. Nilichomoa mpira pale kwenye kikopo, nikaingiza kijiti cha sikio, kikatoka kikavu. Kikopo nikakivuta kwa kipampu cha mkono, kikashika, hakikuachia. Diaframu ni nzima kuliko mimi.

Na uzima wake naushukuru, maana kubadilisha kikopo hicho nako kuna kisa. Nyuma yake kuna kijiti cha chuma kinachosukuma valvu, na vijiti hivyo vinatoka kwa urefu tofauti, vikipishana nusu milimita. Ukiweka kisicho chako, gia zinabadilika vingine. Nawajua mafundi wetu: kikidondoka kwenye vumbi, mtu anakata msumari.

Ndipo akapatikana fundi mwenye geji ya kupima mvuto. Hapo nikatulia, nikasema sasa tumefika kwa msomi. Akaifunga kwenye menifoldi, injini ikinguruma bila kukanyagwa, mshale ukasimama kwenye 14. Akafungua kitabu, akakunja uso. "Kitabu kinasema injini nzima isome inchi 17 mpaka 21 za zebaki. Hii yako imechoka, mzee. Valvu, ringi, kila kitu. Tufanye ovahoo."

Nikamuuliza, kitabu hicho kiliandikiwa wapi? Maana Nairobi hii tumekalia futi 5,000 na ushei juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, na kila ukipanda futi 1,000 geji hiyo inapoteza kama inchi moja. Toa inchi tano kwenye zile za kitabu, uniambie 14 iko wapi. Iko katikati kabisa! Lipeleke gari hilihili Mombasa, mjomba alikolinunua, geji itasoma 19 na utalisifu. Gari halijachoka, bwana, liko mlimani. Nusura nifunguliwe injini kwa kosa la jiografia.

Akanuna. Lakini geji alikuwa ameshaitoa, nikamwomba aifunge upande wa pili, mwisho wa paipu, pale inapoingia kwenye kikopo. Mshale ukapanda mpaka 6, ukatetemeka, ukakaa. Haya! Juu 14, chini 6. Nane zimeshukia kituo gani?

Zimeshukia kwenye kipande cha mpira, kirefu kama kidole changu cha kati, kinachounga paipu ya chuma na ile inayokwenda giaboksi. Kimekaa karibu na ekzosi, kimechomwa na joto miaka yote hiyo, kwa juu kizuri kinang'aa, kwa chini kimepasuka ufa unaopitisha sarafu. Ndiyo maana kila aliyefungua boneti alikiona kizima. Kwa kuangalia huwezi kukipata. Shika, kunja, geuza, ndipo kitakucheka.

Mpira mpya, shilingi mia. Na muuzaji aliniongezea kipande cha akiba. Nikaondoka kwenye taa za Westlands, gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, laini, kofia kichwani. Nikapiga kona nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya kutangaza.

Nikamwambia mama watoto. "Mpira?" "Mpira." "Miezi yote hii umenikosesha gari kwa mpira?" Akaingia jikoni. Nikampigia shemeji, akacheka mpaka simu ikakatika, au aliikata. Fundi wa kwanza nilikutana naye kibandani, akasema ugonjwa utarudi tu, giaboksi iko palepale.

Kwa hiyo jioni kwa kinyozi waliponiuliza gari limeponaje, nilikaa kwenye kiti, nikashusha pumzi, nikasema: "Giaboksi. Ilibidi tuishushe yote."

Kinyozi akazima mashine. Mzee mmoja akanisogezea chupa ya soda, akasema pole sana, kijana, umepita mazito. Jirani yangu wa juu naye alikuwapo, akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Nilisema mimi." Kisha akaniinamia sikioni. Gari lake nalo limeanza kushikilia gia, na kwa vile nimeshakuwa mzoefu, Jumamosi analileta kwangu tulishushe.