Goti la mama na dawa inayoyeyuka

"Mwanangu, waliniuzia maji." Hivyo ndivyo mama alivyoniambia, ameketi kwenye ngazi ya orofa ya pili ya ploti yetu hapa Umoja, mkono mmoja umeshika goti. Miezi mitano kabla ya hapo alikuwa amedungwa sindano ya goti katika kliniki moja jijini, kwa pesa ambazo familia nzima ilichangishana. Nilikuwepo siku ile. Dawa ilikuwa angavu, ikivutika kama mlenda.

La, mama hakuuziwa maji. Alinyimwa maelezo, na hilo linaniuma zaidi.

Ile ilikuwa asidi ya hayaluroniki, ute unaolainisha viungo. Karl Meyer na John Palmer waliitoa kwenye macho ya ng'ombe mwaka 1934, lakini sote tunayo mwilini. Mtu wa kilo 70 ana takriban gramu 15, na kila siku karibu thuluthi yake huvunjwa na kutengenezwa upya. Kwenye damu nusu yake huondoka ndani ya dakika chache. Kwenye ngozi ni kama siku moja au mbili. Vimeng'enya viitwavyo hayaluronidasi huikata minyororo yake mirefu, seli humeza vipande, na kinachoingia kwenye damu humalizwa zaidi na ini. Goti lililovimba huikata hata haraka zaidi. Yaani goti lenye shida ndilo linaloimaliza mapema.

Kuvunjika huko si kasoro. Mwili unaijua, hauikatai, na haibaki humo kama taka. Wanaotaka idumu huifunga minyororo yake kwa kemikali, mmoja kwa mwingine, kama nyuzi za kiondo. Hivyo ndivyo ilivyo ile inayodungwa midomoni na mashavuni, ambayo mara nyingi hukaa kati ya miezi 6 na 18. Daktari akikosea, hudunga hayaluronidasi ikayeyuka. Dawa hiyo ya uso ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kupofusha mtu, kwa hiyo anayedunga bila kuwa na hayaluronidasi hapo karibu, hafai kukugusa uso.

Kuhusu magoti, madaktari wenyewe hawajakubaliana. Wapo wagonjwa wanaopata nafuu ya miezi kadhaa, ingawa dawa isiyofungwa huondoka gotini ndani ya siku chache, na chama cha madaktari wa mifupa cha Marekani hakipendekezi itumike kwa kila mgonjwa. Sisemi isiuzwe. Nasema mama mwenye goti bovu aambiwe haya yote kabla hajafungua pochi, kwa Kiswahili, bila kuharakishwa.

Anarudi kliniki mwezi ujao. Nimemwandikia maswali matatu kwenye karatasi: Hii imefungwa au haijafungwa? Nafuu ikija, huwa ni ya muda gani? Na mazoezi ya goti, mbona hamkunionyesha kwanza? Ameikunja na kuitia kwenye kibeti, pamoja na risiti ya mwaka jana.