Zirkoni ya kahawia kabla ya tanuri

Mfanyabiashara wa vito akipewa fungu la zirkoni za kahawia, swali lake la kwanza mara nyingi ni moja: yatakubali moto? Anataka kujua kama yakitiwa tanurini yatatoka ya buluu, meupe au ya dhahabu. Jiwe lisilokubali hushuka thamani hapo hapo, hata likiwa safi bila ufa wala doa. Wanaochoma wana hoja nzito, lakini hoja hiyo huanza kwa kudhani kuwa ukahawia ni kasoro, na hapo ndipo ninapotofautiana nao.

Takriban zirkoni zote za buluu zinazouzwa zilianza zikiwa za kahawia au za wekundu uliofifia, nyingi zikitoka Ratanakiri nchini Kambodia. Huchomwa kwa joto la nyuzi 900 hadi 1000 za Selsiasi. Tanuri likinyimwa oksijeni, buluu hutokea. Likipewa hewa, hutoka jiwe jeupe au la dhahabu. Hakuna rangi inayopakwa wala kioo kinachojazwa kwenye nyufa. Soko limeyajua mawe haya ya buluu tangu miaka ya 1920, na tanzanaiti nayo kwa kawaida huchomwa ili ukahawia uondoke, wala hakuna anayeiona ya bandia. Muuzaji akisema wazi kwamba jiwe limechomwa, hajamdanganya mtu. Tena ni kweli kuwa zirkoni ya kahawia iliyokolea sana, ikikatwa kwa kina kirefu, hulala kama kipande cha chupa.

Nawapa haki yao yote hiyo. Sasa shika moja iliyo safi, ya rangi ya asali iliyokolea, uipeleke chini ya taa moja tu chumbani, kisha uigeuze polepole. Cheche za machungwa zinatoka kwanza, halafu kijani, halafu nyekundu inayopita na kupotea. Juu ya kahawia cheche hizo huonekana kama makaa yanayopulizwa. Huo si mchezo wa macho. Uwezo wa zirkoni kuutawanya mwanga katika rangi zake ni 0.039, almasi ikiwa na 0.044, ilhali yakuti samawi ina 0.018 tu. Tanuri halikuipa zirkoni sifa hiyo. Jiwe lilitoka nayo ardhini.

Kisha chukua lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, utazame kwa mshazari kupitia uso wa juu hadi kwenye kingo za nyuma. Kila ukingo unaonekana mara mbili, mistari miwili ikikimbia sambamba. Zirkoni huugawa mwanga katika miale miwili, na tofauti ya mpindo wake hufikia 0.059, kubwa mno kwa kito. Kioo hakifanyi hivyo, garneti ya kahawia haifanyi, wala kyubiki zirkonia, ile ya kiwandani iliyoingia sokoni mwaka 1976 na ambayo watu huichanganya na zirkoni kwa sababu ya jina tu. Mkataji stadi anaujua uwili huu. Huuelekeza uso wa juu ili kingo za nyuma zisiutie sana ukungu mng'ao. Jiwe la kahawia lililokatwa bila kujali hilo huonekana lina ukungu, kisha lawama inaangukia rangi.

Jambo ninalolirudia kila mara ni chanzo cha rangi yenyewe. Ndani ya zirkoni mna urani na thoriamu kidogo, elementi zenye mnururisho, kwa kawaida kidogo mno kumdhuru mvaaji. Atomi hizo huvunjika moja moja, kila moja ikiugonga mpangilio wa fuwele, na ukahawia kwa sehemu kubwa ni alama za mapigo hayo yaliyokusanyika. Wanajiolojia wanalo jiwe wanaloliita M257, wanalolitumia kusahihishia vipimo vya umri wa miamba. Lilikuwa kito kilichokwisha kukatwa, cha kahawia hafifu kutoka Sri Lanka, chenye gramu 5.14, yaani karati 25.7. Umri wake ni miaka milioni 561. Hebu fikiria jiwe kama hilo likipita mikononi mwa mtu anayeuliza tu kama litakubali moto. Umri hautafutika tanurini, kwa maana madini ya risasi yaliyotokana na urani, ambayo ndiyo hupimiwa umri, hubaki ndani. Lakini rangi iliyojengwa kidogo kidogo kwa muda wote huo inaweza kutoweka kabla jua halijatua.

Wauzaji wengine huukuza umri huu kupita kiasi. Ni kweli kwamba chembe kongwe zaidi ya ardhi iliyokwisha kupimwa, yenye miaka bilioni 4.4, ni zirkoni ya Jack Hills huko Australia Magharibi. Hiyo ni chembe ndogo kama mchanga, na jiwe la pete yako linaweza kuwa changa kuliko hiyo kwa mbali. Tena mapigo yakizidi, fuwele huvunjika kabisa na jiwe huanza kufanana na kioo, likipungua ugumu na kuwa jepesi zaidi. Uzuri wa kahawia uko kwenye yale yaliyoguswa bila kuharibiwa.

Kuhusu uimara, hakuna upande wa kujisifu. Ugumu wa zirkoni nzuri hufikia 7.5 kwenye kipimo cha Mohs, ambacho almasi ndiyo 10, lakini kingo zake hukatika upesi. Ndiyo maana wauzaji wa zamani walikifunga kila kito kwa karatasi yake, kwani vikisuguana ndani ya kifurushi kimoja vililika. Lisilochomwa nalo huvaa vizuri zaidi kwenye hereni au kidani kuliko kwenye pete ya kila siku. Ila moto huzidisha wepesi huo wa kumeguka, na baadhi ya mawe ya buluu yakikaa kwenye jua kali au miale ya urujuanimno huanza kurudi kwenye ukahawia. Mnunuzi aliyelipia buluu ana haki ya kulijua hilo.

Aliyenunua kahawia hana hofu hiyo ya kupoteza buluu, ingawa naye anapaswa kuuliza, kwa kuwa yako mawe yaliyoingia tanurini yakashindikana na kutoka yakiwa bado na ukahawia. Sidai kila jiwe liachwe lilivyo. Yaliyokolea hadi mwanga haupiti, yaende motoni. Yale ya asali, ya chai, ya wekundu wa jioni, yatazamwe kwanza dirishani mchana, na mkataji ayapangie pembe zake kabla ya mtu yeyote kuwasha tanuri.